Kompyuta Mpakato, Paka Mpakatwa

Mwaka jana paka wangu aliahidi mchango wa harusi. Nilikuwa nimefungua kundi la WhatsApp la kamati kwenye kompyuta, nikakimbilia jikoni kuepua maziwa yasifurike. Niliporudi nilimkuta paka huyo, jina lake Karani, amesimama juu ya kibodi, mguu mmoja kwenye namba, ananitazama kama mtu aliyekwisha kusaini. Kwenye kundi palikuwa na ujumbe uliotoka kwangu: 66666663. Mwenyekiti alishajibu, "Mashallah, Mungu akuzidishie." Mhasibu wa kamati, ambaye kwenye hela hana utani, aliuliza kama hizo ni shilingi.

Niliposema ni paka, kila mtu akageuka mtaalamu wa kwa nini paka hupenda kukalia kompyuta. Mama mdogo akasema anafuata joto. Jirani akasema ana wivu na ile mashine. Binamu yangu, fundi wa kompyuta, akasema maskini anaona kile kishale kinavyokimbia anadhani ni panya. Na kifaa chenyewe tumekiita kipanya, sasa tulitegemea nini? Wengine wakasema ni ukorofi tu, paka ndivyo walivyo. Ukiacha hilo la ukorofi, kila jibu lina chembe ya ukweli. Shida ni kwamba hapa pana mafundo kadhaa kwenye kamba moja, na mtu akilegeza moja hudhani ameyafungua yote.

Tuanze na joto, maana ndilo linalotajwa sana. Mwili wa paka una joto la nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu. Akiwa ametulia, hewa inayomfaa, ile isiyomlazimisha kutumia nguvu kujipasha wala kujipoza, ni ya nyuzi 30 hadi 38. Chumba unachokiona wewe ni kizuri, nyuzi 24 hivi, kwake ni cha kutafutia blanketi. Nasaba yake inaeleza. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa majumbani duniani kote wanatokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, Felis lybica, ambaye ndugu zake wanawinda mpaka leo kwenye mbuga zetu. Ni mnyama wa nchi kame na jua. Kompyuta iliyofanya kazi saa mbili tatu hupata vuguvugu sehemu ya juu ya kibodi, na ikiwa kwenye chaja vuguvugu linazidi. Kama unaishi Makete na ni mwezi wa Julai, au uko Limuru, huenda huhitaji kusoma zaidi ya hapa.

Lakini mimi niko Dar es Salaam. Februari, saa nane mchana, Karani hujinyoosha kwenye vigae vya bafuni kama ngozi iliyoanikwa, ukimwita hata sikio haligeuki. Mchana huohuo nikikaa mezani na kuanza kuandika, anafika. Kama ni joto analifuata, bafuni alikuwa anafuata nini? Nikaanza kumpeleleza. Nikiwasha kompyuta nikaiacha mezani, mimi nikakaa sebuleni, haiendei. Nikiizima ikapoa kabisa, nikakaa mezani kusoma karatasi, analala juu ya karatasi. Sidai kwamba huo ni utafiti. Ni udadisi wa mtu mwenye kazi anayotaka kuichelewesha. Ila ulinitosha kuona kwamba joto linaeleza kwa nini pale mahali panamfaa, halielezi kwa nini anapataka saa ileile ninapopahitaji mimi.

La kishale nalo lina ukweli wake. Jicho la paka limetengenezwa kwa ajili ya mwanga hafifu na kitu kinachokwenda. Nyekundu na kijani hazitenganishi vizuri, na kitu kilicho chini ya sentimita 25 hivi kutoka usoni mwake hukiona kwa ukungu; hapo ndipo masharubu yanapofanya kazi ya macho. Sasa tazama kishale kinavyojiendesha: ni kidogo, kinakimbia, kinasimama ghafla, kinatorokea pembeni mwa skrini. Panya angepewa somo la namna ya kumtia paka wazimu asingefanya vizuri zaidi. Ongeza kwamba paka huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, na wengi wetu kompyuta ya nyumbani tunaifungua jioni, tukishatoka kazini na kuoga. Unakaa mezani saa ambayo damu yake ya uwindaji inachemka.

Hata hivyo mwangalie vizuri. Paka mdogo anaweza kukipiga kishale makofi robo saa nzima, lakini mkubwa hukipiga mara mbili, akachungulia nyuma ya skrini kuona windo limetokea wapi, akakuta nyaya, akaachana nalo. Kitu kisicho na harufu wala nyama hakimshikilii mtu mzima. Kinachomkalisha juu ya kibodi nusu saa, amekupa mgongo, mkia ukipita kwenye kikombe chako cha chai, ni kitu kingine.

Harufu inatusogeza karibu zaidi. Sisemi kwamba jina lilitoka huko, lakini Kiswahili kimepatia: paka hupaka. Ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji, penye shina la mkia na chini ya nyayo, na kila anapojisugua anaacha alama ambayo pua yetu haiipati. Ile kona ya skrini yenye kautando ka mafuta unakofuta kila wiki ni saini yake. Na ndani ya nyumba si vitu vingi vinavyonuka wewe kama kibodi, maana vidole vyako vinaacha jasho na mafuta pale kwa masaa. Paka hapendi harufu ya mtu wake ikae peke yake. Huipaka yake juu, zikachanganyika, naye akaona nyumba imetengemaa. Lakini harufu ile ipo pale hata nikiwa nimelala. Kwa nini asiende kupaka saa nane usiku? Tunarudi kwenye swali lilelile la saa.

Hapo niliona afadhali niiweke kompyuta kando kabisa na kuuliza paka walifanya nini kabla yake. Jibu limehifadhiwa kwa wino. Dubrovnik, kwenye pwani ya Kroatia, kuna hati ya mwaka 1445 ambayo mwanahistoria Emir Filipović aliikuta ina nyayo za paka zimekatiza ukurasa, nyeusi ti. Nyayo za wino maana yake wino ulikuwa bado mbichi, yaani karani wa siku hiyo alikuwa kazini, au amenyanyuka sasa hivi, pengine kwenda kuepua maziwa. Deventer, Uholanzi, yapata mwaka 1420, mnakili mwingine alirudi asubuhi akakuta paka amekojolea kitabu. Aliuacha ukurasa uliobaki mtupu, akachora paka na mikono inayonyooshea doa kidole, akamlaani paka huyo kwa Kilatini na kuwaonya wenzake wasiache vitabu wazi usiku mahali ambapo paka wanaweza kufika. Huyu wa Deventer naona aliongozwa na harufu, kwa kuwa alikuja mwenyewe hayupo. Wa Dubrovnik ndiye ndugu yake Karani. Hati ya wino haina joto la umeme, haina kishale.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mtu aliyekulia Pwani ameona bibi amekaa barazani na ungo anachambua mchele, mara paka huyo, kaingia ndani ya ungo na kujikunja. Ameona wazee wanacheza bao, mchezo umefika pazuri, paka anakatiza juu ya kete. Tandika mkeka, kunjua gazeti, tandaza kitambaa uanze kukata nguo: atafika. Wengi wetu madrasa tulisimuliwa kwamba Mtume alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyeulalia. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, lakini nadhani kimeishi kwa sababu kila aliyekisikia alishamwona paka huyo kwake. Kilichopokewa ni kile cha sahaba Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia. Wanaowazungukia. Sijapata kusikia paka akielezwa kwa neno moja vizuri kuliko hapo.

Basi anazungukia nini? Anakuzungukia wewe. Paka wakubwa kwa nadra sana hulizana nyau wao kwa wao; sauti ile wanaiweka kwa ajili ya watu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza kwamba paka akitaka kitu huficha ndani ya kukoroma kwake kilio chembamba, na watu, hata wasiofuga paka, waliusikia mkoromo huo kuwa wa haraka na usiopendeza kuliko wa kawaida. Mwaka 2019 wenzao wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwaacha paka peke yao kwenye chumba kigeni kwa dakika chache, kisha mwenye paka akarudi. Karibu theluthi mbili walitulia alipoingia, wakamsalimu na kuendelea kukagua chumba, kama afanyavyo mtoto mwenye imani na mzazi wake. Ule usemi kwamba paka anapenda nyumba wala hajali mtu, upunguzeni makali.

Sasa jitazame kwa macho yake unapofanya kazi. Umekaa, umetulia, hutembei, husemi na mtu. Mikono tu inachezacheza mbele yako, na macho umeyakaza mahali pamoja. Kwa paka, mtu aliyekaa kimya hivyo ni mapaja. Amekuona umekuwa mapaja, amekuja kupakatwa, amekuta pamekaliwa. Hapa tena lugha imetutangulia: Watanzania husema kompyuta mpakato, Wakenya kipakatalishi, na yote mawili yanatokana na kupakata, lile neno la mama aliyemweka mtoto mapajani. Tumechukua nafasi ya mtoto tukaipa mashine, na mashine nayo ni ya vuguvugu, na tunaipapasa kutwa. Jirani aliposema wivu nilimcheka. Sina hakika na wivu, sijui moyo wa paka, lakini mpangaji wa zamani akikuta chumba chake kimepangishwa hahitaji wivu ili agonge mlango.

Mpaka hapo ni tabia ya kuzaliwa. Kinachoigeuza kuwa mazoea ya kila siku ni sisi, na sehemu hii ndiyo watu hawapendi kuisikia.

Fuata hatua moja moja. Paka anapanda mezani. Wewe hujamtazama tangu asubuhi, sasa unamtazama. Hukuwa umesema neno, sasa unalitaja jina lake, tena kwa sauti kubwa: "Karani! Shuka!" Halafu unamnyanyua kwa mikono miwili, unamkumbatia sekunde chache, unamweka chini polepole. Macho, jina, mikono. Umelipa bei kamili. Siku ukizidiwa unaenda kumtilia dagaa ili akuache, hapo umelipa na riba. Paka hana namna ya kujua kwamba ulikuwa unamkaripia. Anachojua ni kwamba kukanyaga vile vitufe kunamfungua binadamu aliyekuwa amejifunga.

Na hatulipi kila mara, jambo linalozidisha ubaya. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, kwa kutumia panya na njiwa, alionyesha kwamba mnyama anayepata malipo mara moja moja bila mpangilio hushikilia tabia kwa ukaidi kuliko anayelipwa kila mara. Mashine za kamari, zile za dubwi zilizojaa mitaani, zinaishi kwa kanuni hiyo: zingekuwa zinatoa kila mara, siku ya kukosa mtu angestuka akaondoka, kwa kuwa zinatoa leo na kunyima kesho, mtu hukesha. Ukimpuuza paka mara nne, ya tano ukamchukua, umemfanya mcheza kamari, na dubwi ni wewe.

Ukiamua kuacha kulipa, jiandae. Tabia iliyonyimwa malipo hupanda kwanza kabla ya kushuka. Kwa muda atakanyaga zaidi, atalia zaidi, ataangusha kalamu moja moja huku anakutazama usoni. Wengi hushindwa hapo, wanamnyanyua, naye anajifunza kwamba bei imepanda kidogo lakini duka bado liko wazi. Kumnyunyizia maji hakusaidii. Hulihusisha lile balaa na wewe, anaanza kukuogopa wewe, na ukitoka chumbani anapanda palepale.

Upande wa mashine una mambo yake. Kibodi imetengenezwa kwa mtu abonyezaye kitufe kimoja au viwili kwa wakati. Katika utaratibu wa msingi wa USB inaweza kuripoti vitufe sita tu kwa mara moja, ukiacha vile vya kuambatana kama Shift na Ctrl. Paka aliyelala amebonyeza ishirini, kwa hiyo mashine huchanganyikiwa na kutuma alama ya kosa badala ya herufi. Ndiyo maana paka aliyelala mara nyingi huharibu kidogo kuliko anayetembea, maana anayetembea huandika kweli. Kwenye upande wa namba, 6 iko juu ya 3, na 3 imepakana na Enter: Karani alikanyaga 6, akateleza kwenye 3, akamalizia Enter, ahadi ikaenda.

Mengi yanayowatisha watu baada ya paka kupita ni huduma zilizowekwa kwenye Windows kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kubonyeza Shift mara tano mfululizo huleta kidirisha kinachouliza kama unataka vitufe vishikilie vyenyewe. Ukiukandamiza Shift wa kulia sekunde 8, kompyuta huuliza kama ianze kupuuza mibonyezo mifupi. Paka akiongeza Enter, basi amekubali, na wewe unabaki ukiandika bila herufi kutokea, ukidhani kibodi imekufa. Nimeona mtu akipeleka kompyuta kwa fundi kwa hilo. Kitufe cha Insert nacho kikiguswa, kila unachoandika kinaweza kufuta kilicho mbele yake. Dawa ya yote haya ni rahisi kuliko zote: kabla hujanyanyuka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Skrini inajifunga, paka aandike atakavyo kwenye nafasi ya nywila. Afadhali hata usiifunike kompyuta, maana paka wa kilo 4 akilala juu ya kifuniko anaweza kukiharibu kioo, na kioo ndicho chenye bei. Manyoya nayo hunywewa na feni. Kompyuta ya mfuga paka inataka kupulizwa vumbi mara nyingi zaidi.

Kuna mtu aliyelichukulia suala hili kwa uzito wote. Chris Niswander, wa Tucson, Arizona, aliandika programu iitwayo PawSense, inayopima mpangilio na kasi ya mibonyezo, ikigundua ni nyayo inaifunga kibodi na kupiga sauti ya kumkera paka. Mwaka 2000 ilimpatia tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kwa niliyoeleza hapo juu unaweza kuona udhaifu wake: mwenye paka akisikia sauti hiyo anatoka mbio, na paka amepata alichokuja kukitafuta.

Mimi nilifanya hivi. Kabla ya kukaa mezani namchezesha dakika kumi kwa uzi wenye kitambaa mwishoni, mpaka aheme, nikihakikisha mara ya mwisho anakikamata, kisha namlisha. Paka mwitu huwinda, hula, hujiramba, hulala, kwa mpangilio huo, na ukianzisha la kwanza mengine hujifuata. Pembeni mwa kompyuta, usawa wa meza, nimeweka boksi la katoni lenye fulana niliyoivaa jana bila kuifua. Boksi si mzaha: watafiti wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 2014 waliwapa maboksi baadhi ya paka waliofika kwenye kituo cha kuhifadhia wanyama, na hao walitulia mapema kuliko wenzao walionyimwa. Fulana inaleta harufu. Sasa nikilipa, nalipa kwenye boksi tu: akiwa ndani namtazama, namwita jina, nampapasa kichwa. Akiwa kwenye kibodi namsogeza bila kumtazama wala kumsemesha, kama ninavyosogeza kitabu. Ilichukua wiki tatu, na ile ya pili ilikuwa mbaya.

Paka mzee ambaye hakuwa na tabia hizi, ghafla akaanza kukuganda na kulia usiku, mpeleke kwa daktari wa mifugo badala ya kumtafutia boksi. Tezi ya shingo iliyozidisha kazi, au maumivu, huanza hivyo.

Harusi ilifanyika, ikafana. Wiki mbili baadaye mhasibu alituma kwenye kundi orodha ya ahadi zisizolipwa. Mstari wa nne ulisomeka: Karani, 66,666,663, bado.